Jaji Madan, aliyekataa kufunga mlango wa mahakama mapema

MAWAKILI wanaotetea kesi katika mahakama za Milimani, Nairobi, hukumbana na pingamizi la awali karibu kila siku: kwamba mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri, au kwamba mlalamishi hana msingi wa kushtaki. Wanapojibu hoja hii ya pili, jina la Chunilal Bhagwandas Madan halikosi kutajwa, ingawa aliaga dunia mwaka 1989.

Madan, aliyezaliwa 1912, alikuwa wakili na mwanasiasa kabla ya kuvaa joho la ujaji. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria 1948, akawa waziri asiye na wizara maalumu katika miaka ya hamsini, kisha akateuliwa jaji 1961. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Kenya kuunda Mahakama yake ya Rufaa, alikuwa miongoni mwa majaji wake.

Huko ndiko alikotoa uamuzi wa 1980 unaokumbukwa zaidi. Kampuni ya magari ya D.T. Dobie ilitaka kesi iliyoikabili itupwe kabla ya ushahidi kusikilizwa. Madan alishikilia kuwa kesi isitupiliwe mbali hivyo isipokuwa kama haina matumaini hata kidogo. Ikiwa ina dalili tu ya msingi, na hati ya madai yaweza kurekebishwa, basi na isikilizwe. Kwa mnunuzi wa kawaida anayepambana na kampuni yenye mawakili hodari, hilo si jambo dogo, kwani hati yake ya kwanza aghalabu huwa na kasoro.

Aliteuliwa Jaji Mkuu 1985. Mwaka uliofuata, akiketi na majaji Aganyanya na Gicheru, alisimamisha mashtaka ya fedha za kigeni dhidi ya Stanley Githunguri. Mashtaka hayo yaliletwa takriban miaka tisa baada ya kosa lililodaiwa, ilhali Mwanasheria Mkuu alikuwa amekwisha kuamua kutoyaendeleza. Mahakama Kuu, walisema majaji hao, ina mamlaka yake ya asili ya kuzuia sheria isitumiwe kumwonea mtu.

Madan alistaafu 1986, na upepo ukageuka upesi mno. Kufikia 1989, Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kutekeleza haki za kikatiba kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za utaratibu. Ni hoja ya ajabu: haki imo katika Katiba, lakini mlango wake hauna ufunguo. Novemba mwaka huo, miezi miwili tu baada ya kifo cha Madan, Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya meli Lillian S na kampuni ya mafuta ya Caltex. Jaji Nyarangi aliagiza kwamba mahakama isiyo na mamlaka iache kazi papo hapo. Uamuzi huo ni sahihi kisheria, lakini mawakili wengi wameugeuza kuwa ngao ya kuchelewesha kesi.

Gicheru, aliyeketi na Madan katika kesi ya Githunguri, alikuja kuwa Jaji Mkuu, na mwaka 2006 alitoa kanuni za kutekeleza haki za kimsingi. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 46 kinalinda haki za watumiaji wa bidhaa na huduma, na kifungu cha 22 kinasema kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kwenda mahakamani.