Matthew Lukwiya: Tabibu wa Gulu aliyeitangulia sheria

Abiria wanaosafiri kwa basi kutoka Juba kwenda Kampala huvuka mpaka pale Nimule, kisha hupita Gulu. Kilomita chache kutoka katikati ya mji huo ipo Hospitali ya St. Mary's Lacor, na ndani ya ua wake limo kaburi la Dakta Matthew Lukwiya, aliyefariki dunia usiku wa kuamkia 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43.

Wakati serikali za eneo hili zinapojadili sheria na mipango ya kukabiliana na Ebola au janga la mafua, maisha ya tabibu huyo yanastahili kukumbukwa.

Lukwiya, Mwacholi wa Kitgum, alizaliwa mwaka 1957. Baba yake, muuza samaki, alikufa maji kijana huyo akiwa na umri wa miaka 12. Mama yake alikuwa mchuuzi aliyevusha majani ya chai mpakani kuingia Sudan na kuyabadilisha kwa sabuni. Mtoto hakuvutiwa na biashara hiyo. Moyo wake ulikuwa shuleni. Alisomea udaktari Makerere kwa ufadhili, na mwaka 1983 akajiunga na Lacor, hospitali iliyokuwa ikiendeshwa na wanandoa matabibu, Piero na Lucille Corti.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa wauguzi. Lukwiya alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akatembezwa porini kwa muda wa wiki moja kabla ya kuachiwa. Baadaye alisoma Liverpool, Uingereza, ambako alifaulu kwa alama za juu, lakini akarejea Gulu.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Simu kutoka Lacor ilimwarifu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa maradhi yasiyoeleweka. Alirudi mara moja, akayapitia majalada ya wagonjwa, akausoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa zinazosababisha kutokwa na damu. Bila kungoja majibu ya maabara, alitenga wodi maalumu, akapanga wahudumu wa kujitolea na mavazi yao ya kinga, kisha akaiarifu Wizara ya Afya moja kwa moja. Majibu kutoka Afrika Kusini yalipowasili katikati ya mwezi huo na kuthibitisha kuwa ni Ebola, wodi ilikuwa tayari inafanya kazi.

Uzito wa hatua hiyo huonekana mtu akiitazama sheria ya wakati ule. Kanuni za Afya za Kimataifa zilizokuwa zikitumika ziliilazimu nchi kutoa taarifa kuhusu maradhi matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Ebola haikuwamo. Kanuni mpya zilipitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika 2007. Sasa nchi hutakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kutishia mataifa mengine, na hata mgonjwa mmoja wa mafua ya aina mpya lazima atangazwe.

Hata hivyo, maandalizi ya Lacor yalitegemea sana mabega ya mtu mmoja. Wauguzi kadhaa walipofariki mfululizo mwezi Novemba, wenzao walikata tamaa na kutaka hospitali ifungwe. Lukwiya alikutana nao, akawasihi, nao wakarejea kazini. Siku chache kabla ya hapo, usiku mmoja, aliitwa kumhudumia muuguzi aliyekuwa akivuja damu. Alivaa joho, glavu na barakoa, lakini hakuvaa kinga ya macho. Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alizikwa siku ileile aliyofariki, kando ya kaburi la Lucille Corti.

Uganda ilitangaza kumalizika kwa mlipuko huo Februari 2001. Watu 425 walikuwa wameugua na 224 kufariki.

Kwa wakazi wa Juba, habari hii si ya ugenini. Kirusi kilichomuua Lukwiya ni cha aina iitwayo Sudan, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 katika miji ya Nzara na Maridi, iliyomo leo katika jimbo la Ikweta Magharibi. Ebola ilirejea tena Yambio mwaka 2004. Na ilipozuka mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020, Sudan Kusini ilipima wasafiri mipakani na kuwachanja wahudumu wa afya mapema. Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa nchini.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya ushujaa na maandalizi. Lukwiya alifanya kwa hiari yake kazi ambayo ilipaswa kuamriwa na sheria, kugharamiwa na bajeti na kugawanywa kwa watu wengi. Muuguzi wa kituo cha mpakani anayemwona mgonjwa wa kwanza anahitaji kujua ampigie nani simu usiku huo, nani ana mamlaka ya kufungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, na kinga ya macho imehifadhiwa kabati gani.