Rose Mbowa: Msanii Aliyewapa Wananchi Jukwaa

Wahenga walinena kwamba vita havina macho. Nchini Uganda, ukweli wa kauli hiyo uliwafika wakulima, wasomi na wasanii bila ubaguzi. Miongoni mwa waliotafuta dawa ya majeraha hayo katika sanaa ni marehemu Rose Mbowa, mwigizaji, mtunzi na mwalimu aliyezaliwa mwaka wa 1943.

Akiwa mwanafunzi huko Makerere, Mbowa alijiunga na kundi la maigizo la kusafiri lililoanzishwa mwaka wa 1965. Kundi hilo liliwapelekea wananchi michezo bila malipo, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji. Hapo ndipo alipotambua kuwa hadhira ya kijijini haihitaji kuletwa mjini ili ifunzwe. Msanii ndiye apaswaye kuifuata. Baada ya masomo zaidi Leeds, Uingereza, alirejea Makerere kufundisha, na hatimaye akaiongoza Idara ya Muziki, Ngoma na Maigizo.

Utawala wa Idi Amin (1971–1979) uliwafunga wasanii vinywa. Mwaka wa 1977 mtunzi Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala, aliuawa. Kisha vikazuka vita vya msituni vya Luwero, vilivyowaua na kuwahamisha raia wengi hadi mwaka wa 1986.

Mwaka uliofuata, Mbowa alitayarisha mchezo wa Mother Uganda and Her Children. Katika mchezo huo, ngoma na nyimbo za jamii mbalimbali zilikutanishwa jukwaani, na mama akawasihi wanawe wanaozozana wapatane. Hata hivyo, kaskazini mwa nchi bunduki zilikuwa hazijanyamaza. Umoja uliohubiriwa jukwaani ulikuwa bado ni deni.

Pengine ndiyo maana Mbowa hakukomea hapo. Alitetea maigizo ya maendeleo, ambayo huwafanya wanakijiji wenyewe kuwa wasanii: wao hutaja matatizo yao, hushiriki kuyaigiza, kisha hujadili suluhisho. Kwa watu waliozoea kuamriwa kwa mtutu, kupewa nafasi ya kusema mbele ya wenzao lilikuwa jambo zito.

Katika miaka ya 1990, Mbowa aliigiza mhusika mkuu katika tafsiri ya Kiganda ya Mother Courage, tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht. Mama huyu si yule wa mwaka wa 1987. Yeye huchuma riziki katika biashara ya vita, na vita hivyo humpokonya watoto wake wote watatu. Mama wa kwanza alionyesha tumaini la taifa. Wa pili alionya kuwa anayefaidika na vita naye hulipa.

Mbowa aliaga dunia mwezi wa Februari mwaka wa 1999. Miaka tisa baadaye, ghasia za baada ya uchaguzi ziliwafurusha watu makwao Nakuru na Naivasha. Katika makazi kama Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, wafanyakazi wa mashamba ya maua kutoka jamii mbalimbali huishi ua kwa ua. Mahali kama hapo, funzo la Mbowa lingali na uzito: amani haihubiriwi tu kwa watu, bali hujengwa nao, kila mmoja akipewa zamu ya kusema na ya kusikilizwa.