COLERIDGE: BINGWA WA KUANZA, MVIVU WA KUMALIZA?

Wadau, kila mtaa una jamaa ambaye kila ukikutana naye ana kitabu kipya anachotaka kuandika, na kile cha mwezi uliopita keshakiacha njiani. Leo nawaletea baba lao wa watu wa namna hiyo: Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Uingereza.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1772 huko Ottery St Mary, Devon, kitinda mimba wa mchungaji wa Kianglikana. Baba alifariki dogo akiwa na miaka kama tisa hivi, akapelekwa shule ya bweni London. Darasani alikuwa moto. Mwaka 1791 akaingia Cambridge, na huko ndiko mchezo wa kuanza na kuacha ulikokolea. Madeni yakamzidi, Desemba 1793 akatoroka na kujiunga na jeshi la wapanda farasi kwa jina la uongo, wakati farasi wenyewe walikuwa wanamshinda! Kaka zake wakahangaika kumtoa. Akarudi chuoni, halafu akaondoka bila digrii.

Mwaka 1794 yeye na mwenzake Robert Southey wakapanga kuhamia Marekani, kando ya mto Susquehanna, waanzishe kijiji ambacho mali na kazi ni za wote. Hakuna aliyepanda meli. Ila mpango ulimwachia mke: 1795 alimuoa Sara Fricker, dada wa mchumba wa Southey, kwa sababu kijiji kilihitaji wanandoa. Ndoa haikuwa na raha.

Mwaka 1796 akaanzisha jarida, The Watchman. Likafa baada ya matoleo 10. Mwaka 1798 ndugu wawili matajiri wa ukoo wa Wedgwood wakaamua kumpa pauni 150 kila mwaka ili aandike bila kuwaza chakula. Akaenda Ujerumani, akarudi na mpango wa kuandika maisha ya mwandishi Lessing. Hakuyaandika. Shairi la Christabel liliishia sehemu ya pili. Kubla Khan ina mistari 54 tu, na alipolitoa mwaka 1816 alieleza kwamba lote lilimjia ndotoni, ila wakati analiandika akaja mgeni kutoka kijiji cha Porlock, na mengine yakamtoka kichwani. Wako wasioamini hadithi hiyo mpaka leo.

Juu ya hayo kulikuwa na afyuni. Wakati ule iliuzwa madukani kama dawa ya maumivu, na yeye ikamteka kabisa.

Sasa swali: jamaa alikuwa mvivu? Mimi nakataa. Mvivu hajazi madaftari kwa madaftari kama yeye. Angalieni vile alivyomaliza, mtaona kitu.

Shairi lake kubwa la baharia mzee, lenye mistari zaidi ya 600, lilianza Novemba 1797 akiwa safarini kwa miguu na rafiki yake William Wordsworth na dada yake Dorothy. Walitaka kuliuza walipie gharama za safari. Wordsworth akajitoa kwenye kuandika, lakini alikuwa jirani anayesubiri. Machi 1798 likakamilika, na mwaka huohuo likatoka katika kitabu chao cha pamoja, Lyrical Ballads.

Jarida lake la pili, The Friend, lilitoka 1809 hadi 1810. Yeye alikuwa anasema, Sara Hutchinson, shemeji yake Wordsworth, anaandika. Sara alipoondoka kwenda Wales, jarida nalo kwisha.

Mwaka 1815 alitaka kuandika utangulizi tu wa kitabu cha mashairi. Akakaa na rafiki yake John Morgan, akawa anasema na Morgan anaandika, utangulizi ukageuka kitabu kizima: Biographia Literaria, kilichotoka 1817. Hata humo, alipofika sura ya 13 na falsafa ikamgomea, alijiandikia barua akajifanya ni rafiki anayemshauri airuke. Jamani!

Kwa hiyo hakukosa akili wala bidii. Akiwa peke yake, kila wazo jipya lilimvutia kuliko la jana. Akikaa mtu mbele yake na kalamu, kazi inakwenda.

Hasara walibeba wengine pia. Mkewe na watoto watatu walibaki Keswick chini ya uangalizi wa Southey. Mwaka 1810 alikosana na Wordsworth. Mwaka 1812 Josiah Wedgwood akasitisha nusu yake ya ile pesa.

Mwaka 1816 daktari James Gillman alimpokea nyumbani kwake Highgate, London, ampunguzie afyuni. Alikaa miaka 18, hadi alipofariki tarehe 25 Julai 1834. Huko alihangaika na kitabu kikubwa cha falsafa. Hapo hata kuandikiwa hakukusaidia, maana alitaka kitabu kimoja kieleze kila kitu, na kila kitu hakina mwisho. Vipande vyake vilichapishwa mwaka 2002.

Wewe mwenye riwaya tatu nusu nusu, usijiite mvivu kwanza. Chagua moja, tena ndogo, halafu tafuta mtu wa kukudai kila wiki. Sara wako ni nani?

Kazi kwenu, wadau.