Edgar Sengier: Mbelgiji aliyeuza urani ya Kongo, na deni ambalo Masisi na Walikale wanalifahamu

Agosti 6, 1945, ndege ya Marekani iliangusha bomu moja juu ya mji wa Hiroshima, nchini Japani. Hadi mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa Marekani wa kutengeneza silaha hiyo ilitoka Kongo, kwenye mgodi mmoja wa Katanga uitwao Shinkolobwe.

Aliyeamua urani hiyo iende wapi na iuzwe kwa nani hakuwa Mkongomani. Hakuwa jenerali wala waziri pia. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni, mzungu mmoja aitwaye Edgar Sengier.

Katika Masisi na Walikale, ambako koltani ya Rubaya na bati ya Bisie hutoka kila siku kuelekea viwanda vya mbali, maisha ya mtu huyu si habari ya zamani tu. Yanaonyesha namna jiwe linalochimbwa na mikono ya Wakongomani linavyoweza kuamua vita vya dunia nzima, huku mchimbaji mwenyewe akiwa hajui anachokichimba.

Kijana wa Kortrijk

Sengier alizaliwa Oktoba 9, 1879, mjini Kortrijk, Ubelgiji. Alisomea uinjinia wa madini katika Chuo Kikuu cha Leuven na kumaliza mwaka 1903. Mwaka 1911 aliingia kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa imeundwa miaka mitano tu kabla, mwaka 1906, kwa ajili ya kuchimba shaba ya Katanga.

Kampuni ilikua haraka, naye alipanda pamoja nayo hadi akawa mkurugenzi wake mkuu. Wakati huo Union Minière haikuwa na migodi peke yake. Ilikuwa na kambi za wafanyakazi, hospitali, masomo na mashamba, na ilikuwa na sauti kubwa mbele ya serikali ya kikoloni. Kwa familia nyingi za Katanga, kampuni ndiyo iliyoamua mtu ale nini, alale wapi na mtoto wake asome wapi.

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp aligundua urani huko Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa leo Likasi. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Siku hizo urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotafutwa kilikuwa radiamu iliyomo ndani yake, iliyotumika hospitalini na iliyouzwa kwa bei ya juu mno. Wafanyakazi walichagua mawe mazuri kwa mikono, yakafungwa na kusafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa na maji yakajaa ndani.

Onyo la mwaka 1939

Hapo ndipo sayansi ilipobadilisha thamani ya jiwe hilo. Mwishoni mwa mwaka 1938 wataalamu wa Ujerumani waligundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuliwa, na kwamba kupasuka huko kunatoa nguvu nyingi sana.

Mei 1939, Sengier alikuwa London. Alikutana na Sir Henry Tizard, mwanasayansi mshauri wa serikali ya Uingereza, aliyetaka Uingereza ipewe nafasi ya kwanza ya kununua urani ya Kongo. Sengier hakukubali. Hata hivyo Tizard alimwonya kwamba alichokuwa nacho mikononi kingeweza kuleta balaa kwa nchi zao zote mbili kama kingeangukia kwa adui. Siku chache baadaye, wanasayansi wa Ufaransa wakiongozwa na Frédéric Joliot-Curie walimweleza mpango wao wa kujaribu bomu la urani. Aliwakubalia, lakini vita vilivunja mpango huo.

Agosti mwaka huo huo, barua iliyotiwa sahihi na Albert Einstein ilimweleza rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, kwamba urani iliyo muhimu kuliko zote iko Kongo ya Wabelgiji.

Sengier aliondoka Ulaya na kuhamia New York, akaendesha kampuni kutoka huko. Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Urani iliyokuwa imehifadhiwa Olen, zaidi ya toni 1,000, iliingia mikononi mwa Wajerumani. Sengier alijua kwamba Shinkolobwe nako kulikuwa na shehena iliyokwisha kuchimbwa. Kabla ya mwaka 1940 kwisha, na bila kuagizwa na serikali yoyote, aliamuru shehena hiyo isafirishwe. Ilipita bandari ya Lobito, Angola, ikavuka bahari hadi New York.

Zilikuwa toni zipatazo 1,200, ndani ya mapipa ya chuma yapata 2,000. Yaliwekwa kwenye ghala moja la Staten Island, karibu kabisa na mji. Yalikaa hapo takriban miaka miwili. Sengier aliwakumbusha maofisa wa Marekani zaidi ya mara moja kuhusu mzigo huo, lakini waliokuwa wakiongea naye walivutiwa zaidi na kobalti.

Mkataba wa haraka

Septemba 18, 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier. Jeshi lilikuwa limeanza mpango wa siri wa bomu, ulioitwa Mpango wa Manhattan, nalo lilihitaji urani haraka. Sengier alitaka kwanza kujua kama mgeni wake alikuwa na mamlaka ya kununua, au alikuja kuzungumza tu. Aliposikia kwamba mamlaka yapo, hakuna kilichochelewa. Katika muda usiozidi saa moja walikubaliana na kuandika masharti kwenye karatasi ya kawaida. Marekani ilinunua mapipa yote ya Staten Island, pamoja na toni nyingine 3,000 zilizokuwa bado Katanga.

Wamarekani walikuwa na sababu ya kuharakisha. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani ya hadi asilimia 65, wakati machimbo mengi ya Marekani na Kanada hayakufikia hata asilimia 1. Wahandisi wa jeshi walitumwa Katanga kusaidia kuondoa maji mgodini. Viwanja vya ndege vya Elisabethville na Léopoldville, miji inayoitwa leo Lubumbashi na Kinshasa, vilipanuliwa. Urani ilipanda treni hadi Port-Francqui, ambayo ni Ilebo ya leo, ikashuka mto Kasai kwa mashua hadi Léopoldville, kisha treni tena hadi bandari ya Matadi. Majasusi wa Marekani waliwekwa Kongo kuhakikisha hakuna hata gunia moja linalopelekwa Ujerumani. Jina la Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani.

Karibu theluthi mbili ya urani yote ya Mpango wa Manhattan ilitoka Kongo.

Waliobeba mzigo wa vita

Mambo haya yalipokuwa yakipangwa New York, Wakongomani walikuwa wakilipa kwa jasho na damu. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa sababu bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki chini. Desemba 9, kwenye uwanja wa michezo wa Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi.

Mwaka 1942, siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Japani ilikuwa imeteka nchi za Asia zilizotoa bati na mpira, kwa hiyo mahitaji yote yakageukia Kongo. Wanaume wa Kivu na Maniema walipelekwa kwenye migodi ya bati, barabarani, na porini kutafuta mpira. Hasira iliyotokana na mzigo huo ilikuwa sababu moja kubwa ya maasi ya Kitawala yaliyolipuka mwaka 1944 katika maeneo ya Masisi na Lubutu, yakiongozwa na Bushiri. Serikali ya kikoloni iliyazima kwa nguvu.

Medali na kimya

Septemba 1944, Marekani na Uingereza zilisaini mkataba na serikali ya Ubelgiji, zikapewa haki ya kununua urani ya Kongo kwa miaka kumi. Hakuna Mkongomani aliyeulizwa. Ubelgiji, kwa upande wake, ilifaidika na ushirikiano wa nyuklia uliofuata, na mwaka 1952 ilianzisha kituo cha utafiti cha Mol. Kongo ilipata kinu kidogo cha utafiti huko Léopoldville mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika.

Sengier alitunukiwa Medali ya Sifa ya Marekani mwaka 1946, raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Mwaka 1949 madini ya kijani yenye urani yaliyopatikana Katanga yalipewa jina la sengierite kwa heshima yake. Mwaka huo aliacha uongozi wa kila siku, akabaki kwenye baraza la kampuni hadi 1960. Alifariki Julai 26, 1963, mjini Cannes, Ufaransa, akiwa na miaka 83.

Waliochimba hawakupata medali. Walishika mawe yenye sumu isiyoonekana kwa mikono yao, na majina yao hayajulikani na walio wengi.

Shinkolobwe ilizibwa kwa saruji wakati wa uhuru. Union Minière ilitaifishwa na kuwa Gécamines. Lakini miaka ya 1990 ilipoelekea mwisho na ajira zikakosekana, wachimbaji wadogo walirudi kwa maelfu kutafuta kobalti. Januari 2004 rais aliamuru mgodi ufungwe. Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu 8. Kisha kijiji kilichokuwa kimejengwa kando yake kikabomolewa.

Kutoka Shinkolobwe hadi Rubaya

Leo hakuna vita vya dunia, lakini njia inafanana. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Rubaya, katika eneo la Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Madini hayo huingia kwenye simu, kompyuta, injini za ndege na silaha. Tangu Aprili 2024 Rubaya imekuwa mikononi mwa M23. Huko Walikale, mgodi mkubwa wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi Machi 2025 waasi walipokaribia mji, ukaanza tena mwezi uliofuata walipoondoka.

Sengier alijua thamani ya mzigo wake kwa sababu wanasayansi walimweleza, na kwa sababu hiyo aliweza kusema bei. Aliyekuwa shimoni hakuelezwa chochote. Miaka zaidi ya themanini baadaye, kijana anayepanda milima ya Rubaya na gunia mgongoni bado anapokea bei iliyopangwa na wengine. Na kama ilivyokuwa Shinkolobwe, udongo unapomwangukia, mzigo wake huendelea na safari.