Andreas Münzer: maisha ya mtu aliyesifiwa kuwa na mwili usio na mafuta

Tarehe 14 Machi 1996, katika hospitali moja ya mji wa Munich, Ujerumani, mwanaume wa miaka 31 alifariki baada ya madaktari kushindwa kumwokoa. Siku chache tu mbele ya hapo alikuwa amesimama jukwaani Marekani, watu wakimpigia makofi. Jina lake ni Andreas Münzer, raia wa Austria. Katika mchezo wa kutunisha misuli, wengi walimhesabu kuwa mtu mwenye mafuta machache mwilini kuliko wenzake wote.

Miaka mingi imepita, lakini picha zake bado zinazunguka kwenye simu za vijana wanaobeba vyuma. Mara nyingi picha hizo zinafuatana na namba: asilimia tatu ya mafuta, asilimia mbili, wengine wanasema karibu sifuri. Namba hizo zilitoka wapi? Na je, mtu aliye hai anaweza kupimwa mpaka kufikia namba kama hizo? Maisha ya Münzer yanasaidia kujibu.

Kijana wa milimani

Münzer alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1964 huko Pack, kijiji cha milimani katika jimbo la Styria, kusini mwa Austria. Ni jimbo lile lile alikozaliwa Arnold Schwarzenegger mwaka 1947, katika kijiji cha Thal, pembeni ya mji wa Graz. Wakati Münzer alikuwa bado mtoto wa shule, Schwarzenegger alikuwa tayari bingwa wa dunia. Alishinda taji la Mr. Olympia mara saba, kutoka mwaka 1970 hadi 1975, kiisha tena mwaka 1980. Kwa kijana wa Styria, huyo hakuwa nyota wa mbali. Alikuwa mtoto wa nyumbani aliyeonyesha kwamba inawezekana.

Münzer akamfuata kwa kila namna. Alianza kunyanyua vyuma akiwa kijana mdogo, na baadaye akahamia Munich, mji uleule ambako Schwarzenegger naye alipitia mbele ya kwenda Marekani. Mwaka 1989, kwenye michezo ya World Games iliyofanyika Karlsruhe, Ujerumani, alishinda katika kundi la wazito. Ushindi huo ulimfungulia mlango wa kuingia kati ya wale wanaoishi kwa mchezo huo.

Huko mambo yalikuwa magumu. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya watu wakubwa sana. Mwingereza Dorian Yates alichukua taji la Mr. Olympia kila mwaka kutoka 1992 hadi 1997, na kila aliyetaka kumkaribia alilazimika kuongeza kilo za misuli. Münzer alishiriki Mr. Olympia mara kadhaa lakini hakushinda hata mara moja. Hakuwa na umbo kubwa la kuwashinda majitu yale. Basi akatafuta njia nyingine ya kuonekana: kama hawezi kuwa mkubwa kuliko wote, atakuwa mkavu kuliko wote.

Na kweli alionekana. Alipokaza misuli, nyuzi zake zilijitokeza moja moja, hata kwenye makalio na mgongoni, fasi ambazo kwa watu wengi mafuta hayaishi kirahisi. Ngozi yake ilikuwa kama karatasi iliyobandikwa juu ya nyama. Waamuzi hawakumpa nafasi ya kwanza, lakini watazamaji walimkumbuka yeye.

Ukavu ule ulipatikana namna gani?

Hatua ya kwanza inajulikana na kila mtu: kupunguza chakula kwa miezi na kuendelea na mazoezi, ili mwili uchome akiba yake ya mafuta. Lakini hapo peke yake hapatoshi kwa mwili ule wa jukwaani. Mtu anayekosa chakula kwa muda mrefu anapoteza misuli pia. Ndiyo maana katika mchezo ule wengi walitumia homoni za kujenga misuli, ambazo zinalinda nyama wakati mafuta yanaondoka. Katika siku za mwisho wanaongeza dawa za kukojoza, ili maji yaliyo chini ya ngozi yatoke na ngozi ibane.

Hapo ndipo hatari inaingia. Maji yanapotoka kwa dawa, chumvichumvi za damu zinavurugika, hasa potasiamu, ambayo inaongoza mapigo ya moyo. Potasiamu ikishuka sana au ikipanda sana, moyo unaweza kusimama ghafla. Wenzake Münzer walikuwa wameliona jambo hilo kwa macho yao. Oktoba 1992, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, Mohammed Benaziza, alifariki huko Uholanzi muda mfupi baada ya mashindano. Moyo wake ulishindwa baada ya mwili kukauka maji. Mchezo uliendelea.

Namba isiyoweza kupimwa

Turudi kwenye ile asilimia ya mafuta. Watu wanaitaja kama vile wanataja kilo au sentimita. Lakini kilo unaweka mtu kwenye mzani na kusoma. Mafuta hayasomwi hivyo. Katika mtu aliye hai, kipimo kinasoma kitu kingine, kiisha hesabu inageuza kitu hicho kuwa asilimia ya mafuta.

Njia iliyoheshimiwa kwa miaka mingi ni kumpima mtu ndani ya maji. Daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, ndiye aliyeifanya ijulikane mwaka 1942. Mafuta yanaelea, nyama na mifupa vinazama. Ukijua uzito wa mtu nje ya maji na ndani ya maji, unapata msongamano wa mwili wake. Behnke na wenzake waliwapima wachezaji wa mpira wa Kimarekani ambao jeshi lingewakataa kwa sababu ya uzito wao mkubwa. Wengi wao walionekana kuwa na mafuta kidogo. Uzito wao ulikuwa misuli. Kipimo kile kilikuwa hatua kubwa mbele.

Lakini hesabu yake inasimama juu ya kukisia kwamba nyama na mifupa ya watu wote ina msongamano uleule, gramu 1.1 kwa kila sentimita ujazo. Kanuni inayotumiwa sana inasema hivi: gawanya 495 kwa msongamano wa mwili, kiisha ondoa 450. Mwenye msongamano wa 1.10 anapata mafuta sifuri. Mwenye 1.11 anapata chini ya sifuri, karibu asilimia nne pungufu! Hakuna mtu kama huyo duniani. Hata hivyo, wanamichezo wenye mifupa mizito na misuli mingi wamepimwa na kupewa namba za namna hiyo. Mtu hakuwa na kasoro. Kanuni ndiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Njia ya pili ni kubana ngozi kwa chombo kinachofanana na koleo na kupima unene wa mkunjo. Ni rahisi, haina gharama kubwa, na ndiyo inayopatikana kwenye sali nyingi za mazoezi. Lakini inapima mafuta ya chini ya ngozi tu, haioni yale yaliyo tumboni na ndani ya viungo. Mkono wa anayepima nao una mchango wake: akibana sentimita mbili pembeni, namba inabadilika. Kwa mtu mmoja, kosa la pointi tatu au nne juu au chini ni la kawaida.

Njia ya tatu ni mizani inayopitisha umeme mdogo mwilini. Umeme unapita vizuri kwenye maji, unapita vibaya kwenye mafuta. Kwa hiyo kifaa kinapima maji na kukisia mafuta. Fikiri sasa juu ya mtu aliyejikausha kwa dawa za kukojoza. Umeme unapata shida kupita, na kifaa kinaweza kumwambia kwamba ana mafuta mengi, wakati ambapo mwili wake uko hatarini kwa kukosa maji. Hata mashine kubwa za hospitali zinazotumia mionzi ya X, ambazo ni bora zaidi, zinakosea kwa pointi moja, mbili au zaidi, na maji ya mwili yanazisumbua pia.

Njia pekee ya uhakika ni kupasua maiti na kupima kila sehemu. Kazi hiyo ilifanywa Bruxelles, Ubelgiji, kati ya miaka ya 1970 na 1980, ambako watafiti walichambua maiti 25. Waliona kwamba unene wa ngozi, namna mafuta yanavyobanika, na msongamano wa nyama na mifupa vinatofautiana kati ya mtu na mtu. Yaani mambo ambayo kanuni zinayachukua kuwa sawa kwa wote, si sawa.

Basi mtu anaposema fulani ana asilimia mbili ya mafuta, na kipimo chake kinaweza kukosea kwa tatu, hajasema kitu. Inaweza kuwa tano. Tena mwili unahitaji mafuta: kwenye ubongo, kwenye neva, kwenye uboho wa mifupa, kuzunguka moyo na figo. Behnke alikisia kiasi hicho kuwa karibu asilimia 3 kwa mwanaume na 12 kwa mwanamke. Utafiti uliotolewa mwaka 1994 juu ya askari wa Marekani waliopitia wiki nane za mafunzo makali na njaa, ulionyesha kwamba wanaume wenye afya walishuka hadi karibu asilimia 4 hadi 6. Kufikia hapo, homoni zao za kiume zilikuwa zimeporomoka na miili yao ilikuwa inakula misuli yake yenyewe.

Siku za mwisho

Mwanzoni mwa Machi 1996, Münzer alikwenda Columbus, katika jimbo la Ohio, kwa mashindano yanayobeba jina la shujaa wake, Arnold Classic. Alitoka wa sita. Kiisha akashindana tena San Jose, California. Jukwaani alikuwa mkavu kama kawaida yake. Tumboni alikuwa na maumivu.

Alirudi Munich. Maumivu yalizidi, tumbo likavimba, akapelekwa hospitali. Madaktari walikuta anatokwa damu ndani ya tumbo, wakampasua kujaribu kuizuia. Ini lilishindwa, figo nazo zikafuata. Tarehe 14 Machi akafa.

Kwa mujibu wa habari zilizotolewa na magazeti ya Ujerumani juu ya uchunguzi wa maiti, moyo wake ulikuwa na gramu 636, wakati moyo wa mwanaume mzima kwa kawaida unakaribia gramu 300 au zaidi kidogo. Ini lilikuwa na vivimbe. Alama za dawa nyingi za aina mbalimbali zilipatikana mwilini. Na chini ya ngozi yake, karibu hakukuwa na mafuta. Sifa aliyoitafuta maisha yake yote ilithibitishwa juu ya meza ya maiti.

Ni vizuri kuelewa hapa kwamba ukosefu wa mafuta peke yake haukumuua. Dawa zilikuwa na sehemu kubwa, nazo zilitumiwa kwa ajili ya kupata ule ukavu pamoja na misuli. Hakuna koleo wala mzani wa umeme ambao ungeweza kuonyesha ini linaloharibika au moyo unaopanuka. Watu walitazama ngozi yake na kuona afya ya ajabu. Ndani, viungo vilikuwa vinazimika.

Baada ya kifo chake, mchezo ulianza kutikisika. Mwaka huohuo, kwenye Mr. Olympia ya Chicago, Nasser El Sonbaty aliyetoka wa tatu aliondolewa kwa sababu vipimo vilionyesha dawa za kukojoza zilizokatazwa. Hata hivyo, tamaa ya mwili usio na mafuta haikuisha, wala biashara ya namba.

Kwa kijana anayefanya mazoezi leo, somo ni la wazi. Ukipimwa mafuta, chukua namba ile kama makisio. Inaweza kukusaidia ukipimwa na mtu yuleyule, kwa chombo kilekile, saa ileile ya siku, umekunywa maji kama kawaida, ili uone kama unapanda au unashuka. Usiilinganishe na namba ya mtu mwingine, na hasa usiilinganishe na ya mtu wa kwenye picha. Usingizi uliopotea, baridi isiyoisha, nguvu zinazopungua, kwa mwanamke siku za mwezi zinazokatika: hizo ni dalili ambazo hazihitaji kanuni wala mashine.

Andreas Münzer alifanya kazi kwa bidii ambayo wachache wanaiweza. Hakuna anayejua kwa uhakika asilimia yake ya mafuta siku ile ya Columbus. Umri wake ndio unajulikana: miaka 31.