Abraham Block: Mzae wa Magodoro Aliyeishia Kumiliki Usiku wa Nairobi

Ijumaa ikifika unajua form. Uko Kahawa Sukari, mshahara umeingia, mbogi inaulizana kwa WhatsApp leo sherehe ni wapi. Mnaweza kubaki hapa mtaani, mnaweza kudandia mathree mpaka Roysambu, ama mgeuke upande ule mwingine mshukie Ruiru au Thika. Mlangoni kuna baunsa. Anaangalia luku yako, anaitisha kitambulisho kama sura bado inakaa ya Form Three, halafu anakuachilia uingie. Rangi yako hajali.

Sasa rudi nyuma kama miaka mia hivi. Wewe na mbogi yako yote hamngepita mlango wa hoteli yoyote kubwa ya Nairobi, labda muwe mmebeba trei. Ukipatikana tao usiku bila ruhusa, unalala ndani. Na stori ya hiyo milango haiwezi kukamilika bila jina la mzae mmoja ambaye pengine hujawahi kumsikia, ingawa viti vyake huenda umevikalia: Abraham Block.

Kama umewahi kupiga picha pale Norfolk, Harry Thuku Road, ama kukutana na mtu Thorn Tree chini ya Stanley, Kimathi Street, ushafika kwake.

Block hakuzaliwa na pesa. Alizaliwa 1883 kule Lithuania, wakati nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Familia yake walikuwa Wayahudi, na Wayahudi kwa ile himaya waliishi roho mkononi. Sheria ziliwabana wakae wapi na wafanye kazi gani, na kila baada ya muda makundi ya watu yalikuwa yanawavamia mitaani. Vijana wengi walifanya kile vijana hufanya mambo yakikataa nyumbani: walitoka. Block akaenda kutafuta Afrika Kusini.

Akiwa huko ndio akasikia stori ya huku kwetu. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza iliwaambia viongozi wa Wayahudi kwamba inaweza kuwapa ardhi Uasin Gishu. Ndiyo, hiyo hiyo ya Eldoret. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe, lakini hakuna aliyewauliza. Mwisho wa mambo, 1905, Wayahudi wenyewe wakaikataa hiyo ofa. Lakini Block hakungoja kikao kiishe. Mwaka huo huo wa 1903 alikuwa ashafika Nairobi, kijana wa miaka ishirini.

Usidhani alikuta tao unayoijua. Reli ilikuwa imefika 1899 tu. Kwingine kote ni mabati, mahema, tope na vyura. Wazungu wenye majina na mashamba makubwa walikuwa wakija na pesa za kwao. Block hakuwa na jina wala pesa. Alijaribu kulima, akajaribu biashara hii na ile. Hasla kabisa.

Hapo ndipo anaingia mama mmoja anaitwa Mayence Bent. Alikuwa fundi wa nguo na kofia, na 1902 akafungua hoteli Victoria Street, ambayo leo unaiita Tom Mboya Street. Akaiita Stanley. Mama alikuwa na wageni, lakini vitanda vilikuwa shida. Magodoro hayakuwa yanapatikana Nairobi, na kuagiza nje ni kungoja meli. Block akasikia. Akatafuta kitambaa kigumu, akakata nyasi, akazikausha, akazishindilia ndani na kushona. Magodoro ya nyasi! Akamuuzia Bi. Bent, na watu wakalala.

Kumbuka hiyo stori, tutairudia.

Hoteli ya Mama Bent ilichomeka kwa moto wa 1905, akaanza upya, na 1913 New Stanley ikafunguliwa. Lakini kufika wakati huo, mahali pa kuonekana palikuwa kwingine. Siku ya Krismasi 1904, Norfolk ilikuwa imefungua milango. Mabwana wa Kiingereza walijaa pale mpaka watu wakaibandika jina House of Lords. Ukiwa tajiri umekuja kuwinda simba, unafikia Norfolk. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alifikia hapo 1909. Varanda ya Norfolk ndiyo ilikuwa VIP ya enzi hizo: pombe, kelele, madeni na umbea.

Na hapa kuna kitu watu wa Ruiru wanafaa kujua. Stima ya kwanza ya Nairobi ilitoka kwenu. Kampuni ya umeme iliweka mitambo kwa maporomoko ya mto Ruiru, na kuanzia karibu 1908 nguvu ya hayo maji ndiyo iliwasha taa za tao. Mto wa Ruiru uliangaza meza za wakubwa, huku jamaa wa Ruiru akizuiwa kukaa kwa hizo meza. Mwafrika aliyekuwa ndani alikuwa amevaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, anapeleka vinywaji. Kuanzia 1920, mwanaume Mwafrika alitakiwa abebe kipande, karatasi zinazosema anamfanyia nani kazi. Sherehe za Waafrika zilisukumwa Pumwani, na hata pombe ya kienyeji huko iliuzwa kwa klabu ya manispaa, faida inaenda kwa manispaa.

Halafu ikaja 16 Machi 1922. Harry Thuku, kijana wa Kiambu aliyekuwa anapigia kelele kipande, kodi na kazi ya lazima, alikuwa ameshikwa na karao. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, hatua chache tu kutoka Norfolk. Wanaume walipoanza kulegea, mama mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawachokoza kwa kuinua nguo yake na kuwaambia kama wao ni waoga basi wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakapiga risasi. Na kwa varanda ya Norfolk, wazungu waliokuwa wanakunywa walichukua bunduki zao wakajiunga. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Muthoni alikuwa mmoja wao.

Block hakuwa mwenye Norfolk siku hiyo. Aliinunua miaka mitano baadaye, 1927. Yule kijana wa magodoro ya nyasi sasa ndiye mwenye House of Lords.

Aliomoka aje? Hakukuwa na uchawi. Block hakuwa mtu wa kuonekana. Alikuwa mtu wa kuona watu wanakosa nini. Watu walikuwa wanakuja Nairobi kila siku na wanahitaji kulala, kula, kunywa na kukutana. Wale mabwana walimwaga pesa kwa varanda. Yeye alizikusanya na kununua varanda. Wengi wao walifilisika, wakauza mashamba, wakarudi kwao. Mzae akabaki.

Halafu 1947 akafunga ile hesabu ya mwanzo. Akanunua New Stanley. Hoteli aliyoshonea magodoro akiwa hana kitu sasa ikawa yake, miaka zaidi ya arobaini baadaye. Ingekuwa leo, angewekwa kwa kila video ya motisha kwenye TikTok.

Lakini tusimpake asali. Huyu alikuwa mtu aliyejua uzito wa kufungiwa mlango kwa sababu ya ulivyozaliwa. Alitoka kwao kwa sababu hiyo. Kisha akafanya biashara na kutajirika ndani ya mji ambao ulifungia milango watu wengine kwa sababu hiyo hiyo. Ubaguzi wa rangi haukuwa wazo lake, ulikuwa mfumo wa koloni nzima, na mahoteli yote makubwa yaliufuata. Yake yaliufuata pia. Hizo pande zote mbili ni za mtu mmoja, na ukitoa moja unabaki na stori ya uongo.

Milango ilianza kulegea polepole. Mwaka wa 1946 ilianzishwa United Kenya Club, mahali ambapo Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangeweza kula meza moja. Leo hiyo inasikika kama kitu cha kawaida. Wakati huo ilikuwa habari. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952, na watu wa Kiambu wanajua vizuri usiku wa miaka hiyo ulikuwaje: msako, kambi na amri ya kutotoka nje. Ila kufika mwisho wa miaka ya hamsini kila mtu aliona upepo umegeuka. Mwaka wa 1959 Stanley ikafungua Thorn Tree, mkahawa wa nje kando ya mti wa mgunga. Wasafiri walikuwa wanabandika vikaratasi kwa huo mti kuachiana ujumbe: niko hapa, naelekea kule, nitafute. Hiyo ndiyo ilikuwa WhatsApp yao.

Uhuru ukaja Desemba 1963. Block akauona. Akafa 1965, akiwa na miaka kama themanini na mbili, biashara ikiwa mikononi mwa vijana wake. Block Hotels ikawa jina kubwa la utalii, mpaka na lodge za porini kama Keekorok na Samburu. Usiku wa 31 Desemba 1980, watu wakiwa Norfolk wanangoja mwaka mpya, bomu lililipuka na kuua zaidi ya watu kumi. Wengi waliliona kuwa kisasi cha Entebbe 1976, kwa sababu Kenya iliruhusu ndege za Israeli zitue hapa, na familia yenye hoteli ilikuwa ya Kiyahudi. Norfolk ikajengwa tena. Leo familia haiko tena kwa usukani, lakini Norfolk na Stanley bado ziko palepale. Na barabara inayopita mbele ya ile varanda inaitwa Harry Thuku Road. Usipite hapo bila kukumbuka.

Kwa hivyo wikendi hii ukisimama kwa foleni, jua kwamba mlango unaopita hivi kwa urahisi ulikuwa na bei, na kuna watu waliilipa kabla nyanya yako hajazaliwa. Rangi haiulizwi tena. Siku hizi kinachoulizwa ni doo. Na mlango wa doo pia ni mlango.

Angalia yule manzi anakuletea chupa mezani, ama yule boy anafagia glasi zilizovunjika. Wengi wanatoka hapa hapa Wendani, Githurai na Ruiru, na bili ya meza yako moja inaweza kushinda mshahara wao wa wiki. Saa kumi alfajiri wewe unaitisha teksi, wao wanangoja mathree ya kwanza. Mwachie kitu kidogo, na umsalimie kama mtu. Hujui nani kati yao anatazama hiyo klabu yote akihesabu kimyakimya ni nini inakosekana.

Block alianza na nyasi.