Rubani Aliyefia Voi na Ndege Isiyo na Rubani

Mwaka jana nilikuwa chini ya mlima Sagalla, mwendo mfupi kutoka mji wa Voi, nilikokwenda kuwaamkua jamaa zangu. Katika shamba la jirani yao nilimkuta kijana mpima ardhi, mwenye kibali chake cha serikali, amesimama juani na kisanduku mkononi. Juu ya vichwa vyetu kilikuwa kikizunguka chombo chenye rafadha nne, kikivuma mfano wa nyuki na kupiga picha za mipaka ya shamba. Mzee mmoja wa hapo alikitazama hata shingo ikamchoka, kisha akauliza dereva wake amekaa wapi. Tulicheka sote, na mzee mwenyewe akacheka.

Lakini nilipokuwa njiani kurudi Mombasa swali lile halikuniacha. Voi ni mji ulioliona jibu lake zamani, tena kwa msiba. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 eropleni iliruka kutoka kiwanja cha Voi, ikazunguka, ikaanguka na kuteketea. Waliokuwemo hawakutoka wazima. Mmoja wao ni mtu ambaye jina lake limevuma duniani, na leo nataka kuusimulia wasifu wake, kwani naona una jambo la kutufunza sisi wa zama hizi za vyombo vinavyoruka vitupu.

Jina lake ni Denys Finch Hatton. Alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1887, katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza. Baba yake alikuja kurithi cheo cha Earl wa Winchilsea. Denys hakuwa mwana wa kwanza, na kwa ada za watu wale cheo na milki huenda kwa kifungua mimba, na hao wengine hutafuta riziki zao. Sisi tuliofundishwa mirathi chuoni, tukajua kuwa kila mtoto ana fungu lake, jambo hilo tunaliona geni. Kwake yeye lilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Alisoma Eton, kisha Oxford, akajulikana kwa michezo, muziki na maneno matamu kuliko kwa bidii ya vitabu. Mwaka 1911, akiwa na miaka 24, akaja kuitazama nchi hii, wakati huo ikiwa himaya ya Waingereza, na hakutaka tena kukaa kwao.

Alinunua ardhi, akajaribu biashara za namna kadha wa kadha, wala hakuna iliyomshika. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka alijiunga na kikosi cha askari wa Kisomali waliokuwa chini ya rafiki yake Berkeley Cole, halafu akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins. Alitoka vitani na nishani ya Military Cross. Watu wa Taita Taveta hawahitaji kusimuliwa vita hivyo. Reli ya kijeshi ilitandazwa kutoka Voi kuelekea Maktau, na mwaka 1916 eropleni za Waingereza zilikuwa zikiruka kutoka Mbuyuni kwenda kuwachungulia Wajerumani. Kwa hiyo eropleni iliingia nyika ile ikiwa jicho la jeshi, nayo kazi hiyo ya jicho haijaiacha mpaka leo.

Baada ya vita Finch Hatton alishika kazi ya kuongoza misafara ya uwindaji. Matajiri walikuja kutoka Ulaya na Marekani kutafuta simba na ndovu, naye akawa hodari wa kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 1928, na tena mwaka 1930, alimwongoza Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Huko Ngong alikuwa na sahibu wake, Karen Blixen, mwanamke wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa. Walijuana tangu mwaka 1918, na kwa miaka kadhaa shamba lile likawa ndiyo maskani yake kila arudipo kutoka safarini. Bibi huyo ndiye aliyeandika kitabu cha kumbukumbu za Afrika kilichotoka mwaka 1937. Mwaka 1985 kisa chao kikafanywa sinema, na hapo ndipo jina la Finch Hatton lilipowafikia hata watu wasiojua Voi iko upande gani wa dunia.

Sinema hiyo haikuionyesha sana habari iliyo karibu nasi. Bwana huyu aliipenda pwani. Alikuwa na nyumba Takaungu, mji wa kale wa Mazrui waliohamia huko baada ya Seyyid Said kuwatoa Mombasa mwaka 1837. Alipochoshwa na bara, au na wageni wake, aliteremka Takaungu kukaa ufukoni, akisikiliza bahari na adhana ya waja wa Mungu. Wala simfanyi kuwa mtu wetu. Alikuwa mkoloni miongoni mwa wakoloni, na ardhi aliyotembea kwa raha ilikuwa na wenyewe. Ila haki ya wasifu ni kusema yote, mazuri na mabaya.

Na zuri moja ni hili. Mwindaji yule alianza kuchukizwa na uwindaji wa namna fulani. Huko Serengeti watu walikuwa wakiwafuata simba kwa motokaa na kuwapiga risasi wakiwa wamekaa vitini, makumi kwa makumi. Mwaka 1929 Finch Hatton aliandika katika gazeti la The Times la London kuushutumu mtindo huo, na kelele zake zilikuwa miongoni mwa zilizoifanya serikali ya Tanganyika kuutia mipaka. Yeye mwenyewe alizidi kuipenda kamera, akawatia hamu hiyo hata wageni wake. Bunduki hakuiweka chini kabisa, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kulegea.

Ndipo akaingiwa na mapenzi ya kuruka. Mwaka 1930 alinunua eropleni aina ya Gipsy Moth, akaileta Kenya. Kilikuwa chombo chepesi cha mbao na kitambaa, chenye mabawa mawili juu na chini, viti viwili vilivyo wazi, na injini ya nguvu za farasi 100 hivi. Neno moth kwa Kiingereza ni nondo, yule mdudu azungukaye taa usiku. De Havilland, fundi aliyeziunda ndege hizo, alikuwa mpenzi wa wadudu na ndiyo maana akazipa jina hilo.

Humo Finch Hatton aliiona nchi upya. Tena aliona faida. Kumtafuta ndovu mwenye pembe kubwa kwa miguu katika miiba ya Tsavo ilikuwa kazi ya siku nyingi, pengine ya wiki. Je, kama mtu angeruka akawatafuta kutoka juu, kisha akawaarifu walio chini? Wakati huo mbuga ya Tsavo ilikuwa haijatengwa. Ilitengwa mwaka 1948. Mei 1931 akaamua kwenda Voi kulijaribu wazo hilo. Beryl Markham, rubani mwanamke aliyekulia Kenya, alieleza baadaye kwamba aliombwa afuatane naye, akazuiwa na mwalimu wake wa urubani aliyekuwa na wasiwasi na safari ile.

Aliyefuatana naye ni mtumishi wake, kijana wa Kikikuyu aitwaye Kamau. Walishuka kwanza pwani, kisha wakaenda Voi, na ndovu wakaonekana. Finch Hatton alilala kwa mkuu wa wilaya, na asubuhi ya pili akaaga, akapanda chomboni pamoja na Kamau. Waliokuja kuwasindikiza waliiona ndege ikipaa, ikigeuka, kisha ikishuka kwa ghafula. Moto haukuruhusu mtu kusogea. Sababu haikupata kujulikana kwa yakini. Finch Hatton alikuwa na miaka 44.

Mwili wake ulipelekwa Ngong, ukazikwa juu ya vilima alivyovipenda, na nduguye akajenga mnara juu ya kaburi. Mwaka huohuo Karen Blixen, ambaye shamba lake lilikuwa limeuzwa, aliondoka Afrika na hakurudi tena. Kambi ya watalii katika Tsavo Magharibi imepewa jina la Finch Hatton. Na Kamau? Vitabu vinamtaja kwa jina hilo moja, kwa mstari mmoja au miwili, kisha vinampita. Alikufa dakika ileile, katika moto uleule, kwa kazi ambayo faida yake haikuwa yake. Kila nisomapo kisa hiki nasimama hapo.

Sasa msomaji ataniuliza, yahusiana nini haya na kile chombo cha Sagalla? Yahusiana kwa nasaba. Mwaka 1935, miaka minne tu baada ya msiba wa Voi, kiwanda kilekile cha De Havilland kilichukua kiwiliwili cha mbao cha ukoo wa Moth, kikakitia mitambo ya redio, na kikakirusha bila mtu ndani. Kabla ya hapo, mwaka 1917, Waingereza walikuwa wamejaribu jambo hilo, na Wamarekani mwaka 1918, lakini hawakufika mbali. Chombo cha mwaka 1935 kilifaulu. Kiliundwa mamia, kikawa shabaha ya wapiga mizinga kujifunzia. Kiliitwa Queen Bee, yaani nyuki malkia, na wengi wanasadiki kwamba kutokana nacho ndipo vyombo hivi vikaitwa droni, jina la nyuki dume. Basi nondo aliyeungua Voi ana jamaa yake aliyezaa nyuki hawa wa leo.

Na nyuki hawa wanafanya kazi ileile aliyoifia Finch Hatton, na nyinginezo. Unguja na Pemba zilipigwa ramani kwa droni kuanzia mwaka 2016. Mwaka huohuo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa njia hiyo. Karibu na mbuga ya Tarangire, Tanzania, askari wa wanyama wamezitumia kuwafukuza ndovu mashambani. Ndovu hukimbia mvumo wake, na inasadikiwa ni kwa kuwa unafanana na wa nyuki. Wakulima wa Sagalla wanaijua siri hiyo kwa njia nyingine, maana wapo waliozungusha mizinga ya nyuki kwenye nyua za mashamba yao. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta ndovu takriban 15,000 katika eneo zima la Tsavo, na mtu aliyewahi kuamka akakuta mahindi ya mwaka yamelala chini hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Lakini chombo hichohicho mwaka 2001 kilifungwa kombora huko Afghanistan, na tangu mwaka 2011 kimeua watu Somalia, jirani zetu na ndugu zetu katika dini. Aliyebonyeza kidude alikuwa mbali, pengine bara nyingine, wala hakuusikia moto.

Hapo ndipo ninapoliona funzo la wasifu huu. Finch Hatton aliruka awatafute ndovu kwa ajili ya wenye bunduki. Beryl Markham aliishika kazi hiyo baada yake. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, eropleni zilizobaki angani Tsavo zikawa zinawatafuta majangili. Jicho la juu ni moja, na kilichobadilika ni nia ya mkono ulio chini. Mwaka 1931 mwenye nia alikuwa amekaa ndani ya chombo chake, na alipokosea au chombo kilipomkosea, alilipa kwa roho yake, ingawa alilipa pia kwa roho ya Kamau. Leo mwenye nia anaweza kukosea asilipe chochote, malipo yakawafikia akina Kamau peke yao.

Serikali yetu iliweka kanuni za vyombo hivi mwaka 2020, ya kwamba kila kimoja kisajiliwe na kila mrushaji awe na idhini. Ni jambo jema, maana ndiyo namna ya kulijibu swali la mzee wa Sagalla. Tulimcheka bure. Dereva yupo, amekaa mbali tu, na Mwenyezi Mungu anamwona alipo. Nasi tuna haki ya kumjua jina.